Siku sita katika nyumba ya wageni ya Capri Point, Mwanza

Kabla hajanikabidhi ufunguo, dada wa mapokezi alinikabidhi karatasi. Ilikuwa karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili na kuvishwa plastiki ngumu, yenye bei ya chumba kwa usiku, bei ya kufuliwa nguo, saa za chai, saa ya kurudisha ufunguo, na ahadi moja ambayo sijapata kuiona katika nyumba nyingine ya wageni hapa nchini: bomba likikauka kwa zaidi ya saa tatu mfululizo, mgeni atapunguziwa shilingi 5,000 katika hesabu ya siku hiyo. Chini kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba bei hizo ni za kila mgeni, awe ametoka Magu au ametoka ng'ambo. Niliisoma mara mbili nikiwa bado nimeshika begi, kisha nikamuuliza yule dada kama ahadi hiyo hutekelezwa kweli. Akacheka. "Subiri yakatike, kaka," akasema.

Nyumba yenyewe iko Capri Point, ile rasi ya miamba inayoingia ziwani karibu kabisa na katikati ya jiji la Mwanza. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe, mama mmoja mtu mzima aliyestaafu ualimu, aliniomba hivyo; ana vyumba saba tu, na kila msimu wa kiangazi huwarudisha watu mlangoni. Nililipa kwa fedha yangu, shilingi 70,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na sikumwambia mtu yeyote kwamba ningeandika hadi siku ya mwisho. Nilikwenda kwa niaba ya binamu yangu anayeishi Kanada kwa miaka mingi, ambaye anataka kurudi kufuga sato ziwani na anatafuta mahali pa kukaa miezi mitatu wakati akishughulikia vibali. Aliniuliza swali moja tu: je, mtu anaweza kupanga maisha yake akiwa pale, au atashinda akishangazwa? Nimejitahidi kulishika swali hilo katika yote ninayoyaandika hapa.

Chumba nilichopewa, namba nne, kinatazama ziwa. Si kikubwa. Kina kitanda cha futi tano kwa sita, chandarua kisichotoboka, meza ya mninga iliyokwanguka upande mmoja, na soketi tatu zinazofanya kazi zote, jambo ambalo msafiri yeyote anajua thamani yake. Kinachokitofautisha ni bafu. Fundi aliyejenga alikuta jiwe kubwa la matale lililoota pale tangu dunia iumbwe, na badala ya kulipasua kwa moto na nyundo kama wafanyavyo wengi katika jiji hili, aliliacha likawa kona ya bafu, akajenga ukuta kulizunguka na kuziba mwanya kwa saruji kwa ustadi ambao hauonekani mpaka upitishe kidole. Mgeni anaoga ameegemea mwamba. Asubuhi jiwe ni la baridi, na jioni lina joto la jua la mchana kutwa, kiasi kwamba taulo lililotandazwa juu yake saa kumi na mbili linakauka kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na picha za Jiwe la Bismarck huuzwa hadi kwenye vitenge, lakini nadhani hapa ndipo nilipoelewa jina hilo kwa mgongo wangu mwenyewe.

Chai ndiyo huduma bora kuliko zote katika nyumba hii, na nitaikalia kidogo. Inaandaliwa barazani saa moja kasorobo, kwenye meza moja ndefu ambayo wageni wote huikalia kwa pamoja wapende wasipende. Mama mwenyewe hukaa kichwani mwa meza na hamwachi mtu anywe kabla hajaitikia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mgeni wa kigeni anayekosea matamshi husahihishwa kwa upole wa kialimu mpaka apate. Kuna uji wa ulezi, chapati, mayai, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Siku mbili kati ya sita kulikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, chakula ambacho nilikuwa sijakitia mdomoni tangu bibi yangu alipofariki. Siku ya nne alituletea sato mzima wa kukaanga asubuhi ile ile, aliyevuliwa usiku, na ugali wa udaga pembeni kwa anayetaka. Ngozi yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama karatasi, na ndani nyama ilikuwa nyeupe yenye maji. Hakuwekewa viungo zaidi ya chumvi na ndimu. Nimekula samaki ghali zaidi katika hoteli za ufukweni Dar es Salaam, na sikuona sababu ya tofauti ya bei.

Kwenye meza hiyo ndipo unapowaona watu ambao nchi hii inawavuta, na kila mmoja amevutwa na jambo lake. Kulikuwa na mke na mume wazee kutoka Ujerumani waliokuwa wakielekea Serengeti. Wageni wengi huingia hifadhini humo kwa kupitia Arusha, wakalipa siku nzima ya barabara au nauli ya ndege ndogo. Hawa walikuwa wamegundua kwamba kutoka Mwanza, kwa barabara ya Musoma, geti la Ndabaka linafikika kwa mwendo wa saa mbili na kitu, na kwamba upande huo wa magharibi una msongamano mdogo wa magari. Walikuwa wamelipia viza zao mtandaoni, dola 50 kila mmoja kwa siku 90, na walishangaa jambo moja tu: walipotaka kulipia chumba kwa dola, dada wa mapokezi alikataa. Aliwaeleza kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, akawaonyesha benki iliko. Yule mzee alinuna kidogo, maana alikuwa amebeba noti zake mpya kabisa kutoka kwao kwa ajili hiyo. Siku ya pili alikiri kuwa sasa anaelewa kila kitu kinauzwa bei gani, kwa sababu hakuna tena hesabu mbili.

Nyumba haina mwongoza watalii wake, na hilo si kasoro. Ina ramani iliyochorwa kwa mkono ukutani, na mama anamwelekeza kila mtu mahali pa kwenda kulingana na siku alizonazo. Mwenye nusu siku hupelekwa Saanane, kisiwa kinachoonekana kutoka barazani, ambacho kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ndiyo ndogo kuliko zote nchini, na boti inafika kwa dakika chache. Pimbi wanaota jua juu ya mawe bila kujali kamera ya mtu. Mwenye siku nzima hupelekwa Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambako utaelezwa ushindani kati ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu na kuona ngoma zenyewe zilizorithiwa. Ukifika mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, utakuta mashindano hayo uwanjani na mtu akicheza na nyoka. Juu ya mlango wa kuteremkia ufukweni pamebandikwa kibao cha maandishi mekundu kinachosema usiogelee, kuna kichocho. Kibao hicho kinaharibu biashara kidogo, kwani mgeni aliyeliona ziwa kutoka chumbani hutamani kulitumbukia, lakini mama hakubali kukiondoa.

Mgeni niliyezungumza naye zaidi alikuwa mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, tangu siku ya kwanza ingawa nadhani ananizidi umri. Huja Mwanza mara tatu au nne kwa mwaka kununua dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, ambako samaki wakavu kutoka visiwa vya ziwa hukusanywa, kupimwa na kupakiwa kwa ajili ya nchi za jirani. Asubuhi moja niliandamana naye. Alivuta konzi ya dagaa kutoka katikati ya gunia, si juu, akaimwaga kwenye kiganja cha kushoto, akaipuliza aone mchanga unaobaki, kisha akamtafuna mmoja polepole akiwa amefumba macho. "Huyu aliloa mvua," akasema, akahamia gunia jingine. Muuzaji, mama wa makamo aliyekuwa amekaa juu ya kigoda, hakukasirika, alimwambia kwa utulivu, "Umesema kweli, baba, hao nawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Njoo huku." Nilipomuuliza kwa nini anakuja mpaka huku wakati kuna dagaa karibu na kwao, hakunijibu kwa habari ya samaki. Alisema kwamba hapa akiacha mzigo wake kwa wakala na kuondoka, anaukuta. Na kwamba gari lake likisimamishwa njiani, anajua ni karatasi gani inayotakiwa. Kisha akaongeza kwamba katika nyumba hii analipa shilingi ile ile aliyolipa mwaka jana, jambo ambalo aliliona kubwa kuliko nilivyoliona mimi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kile ambacho kwa maoni yangu kinaipa nyumba hii haki ya kuandikwa. Mapokezi kuna faili la kijani. Mama alilianza miaka kadhaa iliyopita, alipochoka kuulizwa maswali yale yale na wageni waliokuja kutazama wakaamua kubaki, na ndani yake amekusanya nakala za matangazo, fomu, na maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni: namna ya kusajili jina la biashara BRELA kwa mtandao, namna ya kupata namba ya mlipakodi TRA, ni kibali gani cha ukaazi kinachomhusu mwenye mtaji na kipi kinamhusu mwajiriwa, na kwa nini asiye raia hawezi kununua shamba hata kama mwenye shamba amekubali. Ukurasa huo wa ardhi ni mzuri kupita kurasa za mawakili nilizowahi kulipia. Unaeleza kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inamruhusu mgeni kutumia ardhi kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa tu, na kwamba anayekuuzia kiwanja kwa jina la mtu mwingine anakuuzia kesi.

Nilishuhudia faili hilo likifanya kazi. Kijana mmoja kutoka nje ya Afrika, mchangamfu na mwenye akiba yake, alikuwa amekuja na wazo la kufungua duka dogo la kutengeneza simu katikati ya mji, karibu na Makoroboi. Mama alimwacha amalize chai, akafungua faili, akamwekea mbele agizo lililotolewa Julai 2025 linalokataza wasio raia kufanya biashara 15 zilizotajwa, na ukarabati wa simu ukiwa mmojawapo pamoja na rejareja, saluni, huduma za kutuma fedha kwa simu, kuongoza watalii na kadhalika. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na viza kufutwa. Kijana alinyamaza kwa muda. Kusema kweli nilimhurumia, ingawa nikiwafikiria vijana wetu wa Makoroboi wenye meza ya kioo na bisibisi sita, naelewa agizo hilo linamlinda nani. Mama hakumpambia maneno wala hakumkatisha tamaa. Alimwambia, "Mwanangu, afadhali ulisikie kwangu leo ukiwa na fedha yako mfukoni, kuliko ulisikie kwingine ukiwa umeshaimaliza." Jioni kijana alikuwa anauliza kuhusu barafu ya samaki. Sijui kama ataendelea, lakini hakupoteza hata mwezi mmoja.

Faili lina upungufu wake, na nilimwambia mama waziwazi. Kurasa za uwekezaji zimepitwa na wakati: bado zinamwelekeza msomaji kwenye Kituo cha Uwekezaji, wakati mwaka 2025 kituo hicho kiliunganishwa na mamlaka ya maeneo maalumu ya uzalishaji na sasa taasisi inaitwa TISEZA. Vilevile kiwango cha chini cha mtaji kwa Mtanzania anayetaka cheti cha vivutio vya uwekezaji kimeandikwa dola 100,000, na sheria ya 2022 ilikishusha hadi dola 50,000, huku cha mgeni kikibaki dola 500,000. Mtanzania anayejipanga angeweza kuahirisha mpango wake bila sababu kwa tofauti hiyo. Binamu yangu naye ameshachukua uraia wa Kanada, na faili halisemi lolote kuhusu hadhi maalumu ambayo Bunge liliipitisha mwaka 2025 kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Mama alivaa miwani, akayaandika yote kwenye bahasha ya zamani ya matokeo ya mitihani. Kuhusu vizimba, kwa upande mwingine, maelezo yake ni ya mtu aliyekwenda kuona: kwamba sato hukaa kizimbani miezi sita hadi minane kabla ya kuvunwa, kwamba gharama kubwa ni chakula na wala si nyavu, kwamba cheti cha mazingira cha NEMC kinatangulia, na kwamba watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Nyegezi ndio wa kuulizwa kuhusu kina cha maji na mkondo wake kabla mtu hajapenda mandhari ya ghuba fulani.

Sasa kasoro za nyumba. Intaneti ni ya kusuasua, na kuanzia saa mbili usiku, wageni wote wakiwa vyumbani, haifai kwa mkutano wa video. Mtu anayefanya kazi za mbali anunue kifurushi chake. Umeme ulikatika mara tatu katika siku sita, na jenereta linalowashwa limewekwa nyuma ya chumba namba sita, ambacho hakistahili kuuzwa kwa bei moja na vingine. Njia ya kupanda kutoka barabarani ni ngazi za mawe 61, nilizihesabu nikiwa nahema, na mwenye magoti mabovu hana pa kupita. Kuna jioni moja wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaonyanyuka majini kama wingu la moshi, walivamia baraza kiasi kwamba chakula kilibidi kiliwe gizani, na madirisha ya ukumbini hayana nyavu. Hilo la nyavu linanishangaza kwa mwenyeji wa miaka yote hiyo. Mlinzi wa usiku ni babu mwema anayelala.

Tena kuna jambo ambalo halipo kwenye karatasi ya bei, nami niliuliza kwa sababu binamu yangu aliniuliza. Nchi hii imejijengea sifa ya utulivu kwa miaka mingi, na sifa hiyo ndiyo inayotangulizwa kila mgeni anapokaribishwa, lakini siku za uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 watu walipoteza maisha katika machafuko, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mama hakukwepa swali. Alisema siku hizo alikuwa na wageni wanne, na hakuna aliyeweza kuona tiketi yake wala kuandikiana na kwao. Alirudi kwenye daftari na simu za sauti, akawakopesha chakula waliokosa namna ya kulipa, na wote wanne walimtumia fedha baada ya kufika makwao. Wengine waliokuwa wameweka nafasi za Novemba na Desemba walighairi, na hakuwadai. Nilimuuliza kama anadhani watarudi. Akasema mgeni aliyeghairi kwa hofu hurudi akiona miezi imepita salama, ila mwekezaji hurudi akiona maelezo. Sikuwa na la kuongeza, na nimemwandikia binamu yangu maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu nikimficha habari hiyo ataisoma kwingine na hataniamini hata kwenye habari za sato.

Siku ya tano nilipanda gari la mgeni wa chumba namba mbili kwenda Sengerema, kusudi nivuke daraja. Waliowahi kusafiri kwenda Geita au Bukoba kwa barabara wanakumbuka Kigongo: foleni ya malori, karanga za kufungwa kwenye karatasi, kivuko kinachoonekana upande wa Busisi kimetulia kana kwamba hakidaiwi na mtu, na saa mbili za maisha zikipotea. Wagonjwa wa rufaa waliokuwa wakienda Bugando walisubiri pale pale na magunia ya mkaa. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa 19 Juni 2025, na sisi tulilivuka kwa muda usiotosha kumaliza soda. Dereva wangu, ambaye ana lori la kusambaza vifaa vya ujenzi upande wa Sengerema, alinieleza kwamba zamani alipiga safari moja kwa siku na sasa anapiga mbili, na kwamba ndiyo maana analala Capri Point badala ya gesti za kandokando ya kivuko. Yule mtengeneza simu tuliyemchukua kiti cha nyuma hakusema neno njia nzima. Alikuwa akipiga picha za nyaya.

Nilipokuwa nikisoma ukutani nilikuta mama amebandika pia maelezo mafupi ya Speke, Mwingereza aliyelifikia ziwa hili mwaka 1858 na kuondoka akiwa amelibandika jina la malkia wake, ilhali waliokuwa wakiishi hapa walikuwa wanaliita Nyanza. Chini yake ameandika kwa kalamu: "Mgeni huyu hakuuliza jina." Wanafunzi wake wa zamani lazima walikuwa na wakati mgumu.

Nani anafaa kulala hapa? Mtalii wa usiku mmoja anayetaka bwawa la kuogelea, runinga kubwa na kinywaji baridi saa sita usiku atakuwa amepotea njia, na mjini zipo hoteli zinazomfaa. Familia yenye watoto wadogo iangalie zile ngazi kwanza. Lakini anayekuja kwa wiki mbili au miezi miwili, akiwa na jambo la kutafuta, akitaka kuambiwa bei moja na ukweli mmoja, atapata thamani ya fedha yake na ziada. Bei ya 70,000 iko juu kidogo ukilinganisha na gesti za Kirumba na Nyegezi, ambako nusu ya fedha hiyo inakupa chumba safi. Niliwahi kulala katika mojawapo ya hizo, sitaitaja, nikaambiwa bei moja usiku na nyingine asubuhi, na nilipodai risiti nikaambiwa mashine ni mbovu. Hapa risiti ya mashine ilitolewa kila siku bila kuombwa, na kulipa kwa simu hakukuongezewa makato.

Maji, basi, yalikatika. Siku ya tatu bomba lilikauka alfajiri, likarudi baada ya saa tano, na siku ya sita likakauka tena kwa karibu saa nne, huku ziwa zima limelala chini ya dirisha langu. Tuliletewa ndoo za maji kutoka kwenye tanki la akiba, tena ya moto kwa aliyetaka, kwa hiyo sikulalamika wala sikukumbusha mtu. Asubuhi ya kuondoka, dada wa mapokezi aliniandikia hesabu: usiku sita, shilingi 420,000, kufuliwa nguo, 8,000, kutoa maji siku mbili, 10,000. Nililipa 418,000, akanipa risiti na kuniuliza kama binamu yangu atataka chumba gani. Nikamwambia namba nne kama kitakuwa wazi, na chochote kingine isipokuwa namba sita.